Viumbe wa asili na viumbe vamizi wa Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Tanzania, Uganda na Kenya zinaligawana, na maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea: Mto Nile, pale Jinja. Mbegu, samaki au uchafu ukishaingia humu, kuutoa ni kazi ya vizazi. Majibu haya ni ya wavuvi, wafugaji wa samaki, walimu na wakazi wa mialoni (ufukweni mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga) wanaotaka kujua kipi ni cha hapa, kipi kililetwa, na wafanye nini.

Majina hubadilika ukivuka mpaka. Sangara wa Tanzania ni mbuta Kenya na mputa Uganda. Dagaa ni omena Kenya na mukene Uganda. Furu ni fulu kwa Wajaluo na nkejje Uganda. Hapa tumetumia majina ya upande wa Tanzania, na pale ambapo jina moja linabeba samaki zaidi ya mmoja tumeongeza la kisayansi.

Je, kila kiumbe mgeni ni mvamizi?

Hapana. Mgeni ni kiumbe aliyefikishwa na binadamu mahali ambapo asingefika mwenyewe. Mvamizi ni mgeni anayezaliana bila kusaidiwa na mtu, anayeenea, na ambaye kuenea kwake kunaharibu maisha ya viumbe wengine au shughuli za watu. Mahindi na mihogo asili yake ni Amerika, lakini hujawahi kuona shamba la mahindi likijipanda lenyewe hadi likameza msitu. Gugu maji nalo limetoka Amerika Kusini, na limefunga bandari.

Kuzoeleka hakumfanyi kiumbe kuwa wa asili. Watu wengi waliozaliwa baada ya 1980 huamini sangara na sato wamekuwapo tangu enzi za mababu. Wote wawili waliletwa.

Ni wageni gani wa kuwafahamu kwanza?

Kwa samaki: sangara (Lates niloticus), sato (Oreochromis niloticus), na jamii nyingine mbili za perege, Oreochromis leucostictus na Coptodon zillii. Kwa mimea ya majini: gugu maji (Pontederia crassipes, ambalo vitabu vya zamani huliita Eichhornia crassipes) na Salvinia, jimea dogo linaloelea ambalo limeshasumbua Ziwa Kyoga huko Uganda. Nchi kavu, kandokando ya barabara na malishoni, angalia gugu karoti (Parthenium hysterophorus) na Lantana camara.

Na wenyeji ni akina nani?

Furu ndio wengi kupita wote: aina zaidi ya 500, nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Kuna dagaa (Rastrineobola argentea), ngege (Oreochromis esculentus), mbiru (Oreochromis variabilis), ningu (Labeo victorianus), mbofu (Bagrus docmak), kambale au mumi (Clarias gariepinus), kamongo (Protopterus aethiopicus), gogogo, domodomo, pamoja na uduvi mdogo wa maji baridi, Caridina nilotica. Ukingoni yapo mafunjo na matete.

Dagaa si wa kuletwa?

Si wa kuletwa. Ni mwenyeji, na kwa uzito ndiye anayebeba sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa ziwani leo.

Sangara alifikaje, na kwa nini hakuonekana kuwa tatizo mapema?

Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitolewa hasa Ziwa Albert. Hoja ya waliomleta ilikuwa kwamba ziwa limejaa furu wadogo wenye mifupa wasio na bei, kwa hiyo aletwe samaki mkubwa awale na kuwageuza minofu ya kuuza. Wapo wataalamu waliopinga tangu wakati huo.

Kwa miaka kama 20 idadi yake ilikuwa ndogo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, na katikati ya miaka ya 1980 katika Ghuba ya Mwanza, ikapanda ghafla. Maelezo yenye nguvu ni kwamba furu wenyewe walikuwa wakila mayai na vifaranga vya sangara na kugombania nao chakula. Katika Ghuba ya Mwanza furu walikuwa tayari wamevuliwa sana miaka ya 1970 kwa meli za kukokota nyavu, ili wasagwe kuwa unga wa chakula cha mifugo. Walipopungua, vifaranga vya sangara vikapata nafasi ya kukua. Wakati huohuo mbolea, udongo na majitaka yalikuwa yakiyafanya maji kuwa ya kijani na kupunguza hewa kilindini. Mambo haya matatu yalisukumana. Anayemtaja sangara peke yake anasimulia theluthi ya kisa.

Mvamizi anaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kulipuka. Kwa hiyo "amekuwepo muda mrefu na hajaleta shida" si hoja ya kumpuuza mgeni yeyote.

Furu wote wamekwisha?

Hapana, ingawa hasara ni kubwa mno. Aina zinazokadiriwa kufikia 200 zilitoweka au hazijaonekana tena tangu miaka ya 1980. Kabla ya hapo furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waishio karibu na sakafu ya ziwa. Kila kundi lilikuwa na kazi yake: wapo waliokula mwani, waliochuja matope, waliovunja magamba ya konokono, waliokula mabuu ya wadudu, hata waliokula magamba ya samaki wenzao. Kundi lote la wala konokono likipungua, wanaongezeka konokono, wakiwemo wale wanaobeba vimelea vya kichocho.

Waliosalia wamejificha mahali pa aina tatu. Kwanza ni kwenye miamba, ambako mbipi, yaani furu wa mawe, hupenya kwenye nyufa ambazo sangara mkubwa hawezi kuingia. Pili ni ndani ya mafunjo na vinamasi: maji ya humo yana hewa kidogo, furu wengi wanaivumilia hali hiyo na sangara haivumilii. Tatu ni kwenye maziwa madogo ya pembeni ambayo sangara hajafikishwa. Tangu miaka ya 1990, sangara walipoanza kuvuliwa kwa wingi, baadhi ya furu wamerudi maji ya wazi, lakini ni aina chache zilizoongezeka, si ule mchanganyiko wa zamani.

Kurudi kwao ni kwa polepole kwa sababu jike hubeba mayai mdomoni, nayo ni machache, makumi tu kwa mara moja, wakati sangara mkubwa hutaga mamilioni.

Na kuna adui asiyeonekana kirahisi, uchafu wa maji. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, mwanga hupungua, majike hushindwa kutofautisha rangi, na aina mbili huanza kuchanganyika hadi kuwa moja. Aina inaweza kupotea bila samaki hata mmoja kuliwa.

Sangara ana faida. Je, wanaotaka aondolewe wana hoja?

Hakuna njia inayojulikana ya kumwondoa sangara katika ziwa la ukubwa huu, na hakuna nchi kati ya hizi tatu inayopanga hivyo. Amejenga viwanda vya minofu, biashara ya mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), na ajira za mamia ya maelfu ya watu. Upande wa pili, alibadilisha hata moto wa jikoni. Samaki wadogo walikaushwa kwa jua, lakini sangara ana mafuta, haanikwi akakauka, lazima abanikwe au akaangwe, na kuni zikawa zinatoka kwenye misitu ya visiwa na pwani ya ziwa.

Msimamo wetu ni kwamba avuliwe kwa akili pale alipo, na azuiwe kabisa kufika pale ambapo hayupo. Kumvua kwa akili ni pamoja na kuacha walio chini ya sentimita 50, maana majike mengi hukomaa yakiwa makubwa kuliko hapo, na kuacha makokoro na nyavu za timba. Kokoro linalokokotwa ufukweni huharibu viota vya perege na kuzoa vifaranga vya kila aina bila kuchagua.

Nitatofautishaje sato, ngege na mbiru?

Anza na mkia. Sato ana mistari myembamba ya wima iliyopangika kwenye pezi lote la mkia, kuanzia shinani hadi ncha. Ngege hana mistari hiyo. Mbiru ana ukingo wa rangi ya chungwa au nyekundu kwenye pezi la mgongoni na mkiani, na dume aliyekomaa huning'iniza kishada chini ya tumbo, karibu na tundu la uzazi.

Shida huja kwa machotara. Sato huzaana na ngege na mbiru pia, na watoto hutoka na mistari iliyokatika au iliyofifia, au iliyo upande mmoja tu wa pezi. Ukipata samaki wa hivyo usimtangaze kuwa ngege. Uhakika hutoka maabara, kwa kipimo cha vinasaba, na kipande kidogo cha pezi kilichohifadhiwa kwenye spiriti kinatosha.

Angalia pia alikotoka. Ngege karibu hapatikani tena ndani ya ziwa kuu. Waliobaki wako kwenye maziwa ya pembeni kama Kanyaboli, katika kinamasi cha Yala nchini Kenya. Ngege na mbiru wote wameorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa ya kutoweka.

Kwa nini mnasisitiza sana maziwa madogo?

Kwa sababu ndiko ilikobaki akiba. Ziwa kuu haliwezi kurudishwa lilivyokuwa mwaka 1950. Ziwa dogo lenye ngege halisi na furu wa asili linaweza kupotea ndani ya miaka michache kwa ndoo moja ya vifaranga vya sato, na mara nyingi anayevimwaga ana nia njema: anataka kijiji kipate samaki wakubwa. Njia nyingine za kuwafikisha ni bwawa la kufugia lililochimbwa kwenye bonde la mafuriko, mfereji unaounganisha ziwa dogo na mto, na mvuvi anayebeba chambo hai kutoka ziwa kuu.

Kama kijiji chako kina ziwa la namna hii, hatua ya kwanza ni kuweka sheria ndogo kupitia serikali ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU. Sheria hiyo iseme kwamba hakuna kupandikiza samaki, hakuna chambo hai kutoka nje, na nyavu zilizotumika ziwa kuu zianikwe kwanza. Hatua ya pili ni kuacha mafunjo yasimame, hasa upande wa mto unakoingilia. Ukuta huo wa mafunjo wenye maji yasiyo na hewa ya kutosha ndio unaomzuia sangara asipite. Ukikata njia ya mitumbwi katikati yake, umemfungulia.

Gugu maji lilitoka wapi, na kwa nini huondoka kisha likarudi?

Asili yake ni bonde la Amazon. Lilipandwa Afrika kama ua la mapambo, na lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mto Kagera, unaotiririsha maji kutoka Rwanda na Burundi, ni mlango wake mkubwa na hadi leo hushusha mimea mipya. Mwaka 1998 Ghuba ya Winam peke yake ilikuwa na zaidi ya hekta 17,000 zilizofunikwa.

Huzaliana kwa njia mbili. Mmea mama hutoa mkono pembeni, na mwishoni mwa mkono huota mtoto. Kwenye maji ya joto yenye mbolea eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja hadi mbili. Njia ya pili ni mbegu, ndogo sana, ambazo huzama na kukaa kwenye matope zikiwa hai kwa miaka 15 hadi 20. Kina cha maji kikishuka na mwanga ukafika chini, zinaota. Hiyo ndiyo sababu ya ghuba kuonekana safi miaka mitano na kisha kufunikwa upya, bila mmea hata mmoja kuletwa kutoka nje.

Linarudi pia kwa sababu linalishwa. Majitaka ya miji, samadi na mbolea za mashambani ndicho chakula chake. Ghuba ya kina kifupi iliyo karibu na mji itakuwa na gugu kila mwaka mpaka majitaka yashughulikiwe, hata kama mashine zitafanya kazi usiku na mchana.

Nitajuaje kuwa ni gugu maji na si mmea mwingine?

Shika kikonyo cha jani. Gugu maji lina kikonyo kilichovimba na ndani yake ni sponji iliyojaa hewa, jani la mviringo linalong'aa, mizizi myeusi yenye manyoya, na ua la zambarau hafifu lenye doa la njano kwenye petali ya juu. Likisongamana, vikonyo hurefuka na uvimbe hupungua, kwa hiyo usitegemee uvimbe peke yake.

Pistia stratiotes haina kikonyo. Majani yake ni laini kama mahameli, yana mifereji, na yamejipanga duara. Salvinia ina majani madogo mawilimawili yenye vinywele vigumu juu vinavyofukuza maji, na haitoi ua. Zile nyasi nene, ndefu, ambazo mara nyingi huonekana zikimea juu ya zulia la gugu linalozeeka ni Vossia cuspidata, ambazo ni za asili. Huonyesha kwamba zulia hilo lina umri, na likifikia hapo kuling'oa kwa mkono ni kazi nzito zaidi.

Tunataka kusafisha mwalo wetu kwa mikono. Tuanze vipi?

Pimeni kwanza. Zulia lililosongamana huwa na kilo 20 hadi 40 kwa kila mita ya mraba. Mwalo wenye zulia la mita 50 kwa 20 una kati ya tani 20 na 40 za kutoa, na karibu zote ni maji, kwani tani moja ya gugu bichi ikikauka hubaki kilo 50 hadi 100. Hesabu hii ndiyo itakayowaambia kama kikundi chenu kinaweza, au kama mnahitaji kungoja upepo usogeze zulia.

Vifaa: reki zenye meno marefu, uma za shambani, mapanga, kamba nene, maboya, mitumbwi miwili, toroli, buti za mpira zinazofika mapajani na glavu. Msiingie majini miguu mitupu. Chini ya zulia kuna konokono wa kichocho, na nyoka, mamba na viboko hulitumia kama maficho. Mtu mmoja abaki ufukweni au kwenye mtumbwi akiangalia maji tu, asifanye kazi nyingine.

Anzeni upande wa wazi, kule upepo unakotoka, mkielekea nchi kavu. Tandazeni kamba yenye maboya nyuma yenu ili vipande visielee kurudi ziwani. Kateni zulia vipande vya mita moja hivi na kuvivuta. Mmea utoke mzima pamoja na shina lile fupi nene lililo katikati, kwa sababu ndilo linalochipua. Kufyeka majani na kuacha shina ni kupogoa, na mmea uliopogolewa huchipua kwa nguvu.

Baada ya zulia kutoka, kusanyeni vipande vidogo kwa neti. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu watu wamechoka, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu mwezi au mwaka. Rudini kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya kwanza mng'oe miche iliyoota kwa mbegu ikiwa bado midogo.

Rundo liwekwe sehemu ya juu, angalau mita 15 hadi 20 kutoka maji yanapofika wakati wa mvua. Gugu lililoachwa ukingoni hurudishwa na wimbi la kwanza kubwa, na hata likioza hapo, mbolea yake hurudi majini kulisha lile lililobaki.

Mbawakavu wanaokula gugu maji hufanyaje kazi, na tunaweza kuwalea wenyewe?

Ni aina mbili za wadudu wa jamii ya Neochetina, wenye urefu wa milimita 4 hadi 5, kutoka Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Waliachiwa Uganda mwishoni mwa 1995, kisha Kenya na Tanzania mwaka 1997. Mdudu mkubwa hukwangua jani na kuacha madoa madogo ya mstatili. Buu lake hutoboa kikonyo na kushuka hadi kwenye shina, maji huingia, mmea huoza na kuzama. Kushuka kwa gugu kati ya 1998 na 2000 kulitokana nao kwa sehemu kubwa, wakisaidiwa na mawimbi na hali ya hewa ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Kuwalea kunawezekana kwa kikundi kinachoshirikiana na taasisi ya utafiti, na wadudu wa kuanzia watoke huko. Kamwe msilete mdudu mpya kutoka nchi nyingine kwa kujiamulia. Hawa walipimwa kwanza kuhakikisha hawali mazao.

Chukueni tangi au kidimbwi cha turubai chenye upana wa mita 1, urefu wa mita 2 na kina cha nusu mita. Jazeni maji na muweke samadi kidogo kwenye gunia, kwa sababu mmea wenye njaa ya naitrojeni hutoa mabuu dhaifu na machache. Wekeni mimea yenye afya isiyo na madoa, kisha wadudu wakubwa 40 hadi 50. Tangu yai hadi mdudu mkubwa ni miezi miwili na nusu hadi mitatu na zaidi kidogo. Mimea ikianza kunyauka ongezeni mipya, maana wakikosa chakula watahama au kufa.

Wakati wa kuachia, hamisheni mimea yenyewe ikiwa na mayai na mabuu ndani, mkaifunge katikati ya zulia kwenye ghuba tulivu. Chagueni eneo ambalo halitasafishwa kwa mikono wala mashine. Hapo ndipo miradi mingi inapokwama: kikundi kimoja kinaachia wadudu, kingine kinazoa zulia lote wiki tatu baadaye, na wadudu wanaishia kwenye rundo la mboji.

Kufuatilia ni rahisi. Kila mwezi chukueni mimea 20 bila kuchagua, mhesabu madoa kwenye jani la pili changa la kila mmoja, mwandike. Idadi ikipanda mwezi hadi mwezi, wadudu wamekubali. Msitegemee matokeo ya haraka. Miaka miwili hadi mitano ni kawaida, na zulia linapozama ghafla wadudu wengi huzama nalo, kwa hiyo hifadhini tangi moja la wadudu wa kuanzia upya. Gugu likiota upya kutokana na mbegu za matopeni, litakuwa halina mdudu hata mmoja.

Dawa ya kuua magugu si njia ya mkato?

Haifai kwa mwalo. Watu huchota maji hapohapo ya kunywa na kupikia, na katika nchi zote tatu kunyunyiza dawa ziwani bila kibali cha mamlaka ya mazingira ni kosa. Hata pale dawa inapofanya kazi, maelfu ya tani za mimea huoza kwa pamoja, hewa iliyoyeyuka majini huisha, na samaki hufa. Mbegu za chini haziguswi.

Gugu lililovunwa linaweza kutumika kwa nini?

Kwa mboji, vizuri sana. Lianike siku 3 hadi 5 linyauke, likatekate vipande vya sentimita 5 hadi 10, kisha panga matabaka ya sentimita 20 hadi 30: sehemu tatu za gugu kwa moja ya samadi, na majani makavu kati yake. Rundo liwe na kimo na upana wa mita 1.5, kwa sababu dogo halipati joto. Chomeka fimbo ya chuma katikati kwa dakika kumi. Ukiitoa na huwezi kuishika, joto linatosha kuua mbegu. Geuza kila wiki mbili ukihakikisha sehemu ya nje inaingia ndani. Inakuwa tayari baada ya wiki 8 hadi 10. Ikinuka, ina maji mengi: geuza na uongeze vitu vikavu.

Usitumie gugu lililotolewa karibu na mifereji ya viwanda au gereji kwa mboji ya mboga. Mizizi yake hunyonya metali nzito na kuzihifadhi.

Kwa biogesi linafaa likisagwa na kuchanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Likiwekwa zima huelea ndani ya mtambo na kutengeneza gamba linaloziba gesi. Kwa malisho liwe nyongeza ndogo tu, kwani lina maji mengi mno na chembe za oksaleti zinazowasha mdomo wa mnyama. Vikonyo vilivyokaushwa husukwa mikeka, vikapu na viti.

Tahadhari moja: matumizi haya yasigeuke sababu ya kulilinda gugu. Kuna watu hulipanda kwenye mabwawa yao wapate malighafi. Lililopo tayari ziwani linatosha.

Nafuga samaki karibu na ziwa. Nifuge nani, na nizuieje wasitoroke?

Ndani ya bonde la Ziwa Victoria, kambale ni mwenyeji na anakua haraka. Sato tayari yuko ziwa kuu, kwa hiyo kumfuga kwenye bwawa linalotiririkia huko hakuleti mgeni mpya. Hata hivyo, vifaranga wa mbegu zilizoboreshwa kutoka mbali wakitoroka huchanganya damu na waliopo. Kama bwawa lako liko juu ya mto unaoingia kwenye ziwa dogo lenye ngege, usifuge sato kabisa.

Chimba juu ya alama ya mafuriko makubwa unayoikumbuka, siyo ya mwaka jana. Bomba la kutolea maji liwe na chujio mbili, ya nje ya milimita 5 na ya ndani ya milimita 2, kwa sababu kifaranga cha sato hupita tundu ambalo wengi hudhani ni dogo. Safisha chujio kila siku. Ikiziba, maji hupita juu ya tuta na samaki nao. Ukikausha bwawa, maji yaingie kwanza kwenye shimo la kutuliza kabla ya mto, kisha anika sakafu wiki moja hadi mbili na unyunyize chokaa kilo 10 hadi 20 kwa mita za mraba 100.

Mafunjo na matete nayo yanaziba njia. Tufyeke?

Fyekeni njia ya mtumbwi pale inapohitajika, upana wa mita mbili au tatu, na msichome moto. Mafunjo huchuja udongo na mbolea kabla havijafika ziwani, hulea vifaranga vya kambale na kamongo, na wapo ndege wasioishi pengine. Ukiondoa mafunjo, mbolea inapita moja kwa moja na gugu maji linaipokea. Pale ambapo zulia la gugu limeshikamana na mafunjo, ng'oeni gugu peke yake kwa mkono.

Vyombo vyetu vinaweza kubeba wavamizi?

Ndiyo, na hii ni kinga rahisi kuliko zote. Kabla ya kuhamisha mtumbwi, nyavu au vizimba kwenda ziwa au mto mwingine: ondoa kila jani na mzizi kwenye kasia, injini na kamba ya nanga, osha matope ya nanga, maana mbegu za gugu hukaa humo, mwaga maji ya ndani ya chombo nchi kavu, mbali na mtaro, anika nyavu juani siku mbili kamili, ukizigeuza. Magari yanayobeba mchanga kutoka mitoni yaoshwe pia. Ndiyo mojawapo ya njia zinazosambaza gugu karoti.

Nimeona mmea au samaki ambaye sijawahi kumwona. Nifanye nini?

Piga picha tatu: kiumbe mzima ubavuni kukiwa na rula au kitu chenye urefu unaojulikana, kichwa au ua kwa karibu, na mahali alipopatikana. Andika tarehe, jina la mwalo, kina cha maji na aina ya wavu. Samaki muweke kwenye barafu, au kwenye spiriti kama huna barafu. Mmea uweke kati ya karatasi kavu, ukiwa na mizizi na ua. Peleka kwa ofisa uvuvi wa kata au kwa BMU, na uombe taarifa ifike kwenye taasisi ya utafiti: TAFIRI kwa Tanzania, KMFRI kwa Kenya, NaFIRRI kwa Uganda.

Mmea usioufahamu ukiwa bado umefunika eneo dogo, la hatua chache tu, uzungushie kamba yenye maboya siku hiyohiyo usisambae wakati unasubiri majibu. Samaki usimrudishe majini kwa huruma, na usimhamishie kwenye bwawa lako ili umwangalie anavyokua.